Usitupe Chuma cha Vitumbua Kwa Sababu ya Kutu

Chuma cha vitumbua kikiachwa miezi michache bila kuguswa katika nyumba ya Mitwero, pwani ya Lindi, hushika kutu hadi kwenye vishimo vyake. Wengi humuuzia mnunuzi wa vyuma chakavu na kununua cha alumini. Ni hasara isiyo ya lazima, kwani kama hakijapasuka wala kutoboka, chuma hicho kinaweza kurudi jikoni.

Kutu hutokea pale chuma, maji na oksijeni vinapokutana. Upepo wa bahari huleta na chumvi, ambayo huvuta unyevu na kuharakisha uharibifu. Utando wa oksidi unaojitokeza juu ya alumini huilinda alumini yenyewe, lakini kutu huvimba, humeguka na kukiacha chuma kilicho chini yake wazi kiliwe tena.

Anza kwa kukigonga. Kikilia kwa sauti kavu, isiyovuma, kikague vizuri usije ukakuta ufa. Kisha kisugue kwa msasa au dodoki la waya. Ukipenda mchanga na majivu, tumia mchanga wa mtoni, maana wa ufukweni una chumvi. Kutu iliyong'ang'ania iloweke kwenye siki iliyochanganywa na maji nusu kwa nusu, ukiangalia kila baada ya nusu saa. Usikilaze humo usiku kucha, kwa sababu siki ikimaliza kutu huanza kula chuma chenyewe. Kioshe kwa sabuni, kisuuze, ukikaushe hapo hapo juu ya moto mdogo.

Sasa kikomaze kwa mafuta, na uchague mafuta kwa makini. Pwani tumezoea ya nazi, lakini kwa kazi hii hayafai sana: molekuli zake nyingi zimeshiba, hivyo hazishikani kwa urahisi. Mafuta ya ufuta, zao ambalo mkoa wa Lindi unalilima kwa wingi, au ya alizeti, yakipata joto kali hushikana na kuwa utando mgumu, kama vanishi juu ya mlango. Utando huo huzuia maji kufika kwenye chuma, na huzuia kitumbua kuganda.

Paka mafuta chuma kikiwa na uvuguvugu, ndani na nje, kisha uyafute kwa kitambaa kikavu mpaka uone kama hayapo. Yakibaki mengi, yatanata. Kifudikize juu ya jiko la mkaa, nje ya nyumba, ukifunike kwa sinia na kupalia makaa juu yake, kama unavyooka mkate wa kumimina. Kiache mpaka moshi ukome, kwa takriban saa moja, kisha kipoe chenyewe. Rudia mara tatu au nne mpaka kiwe cheusi. Usikimwagie maji baridi kingali cha moto: chuma cha kusubu, kama hiki, kina kaboni nyingi, hivyo ni rahisi kupasuka.

Vitumbua vya mwanzo vikiganda, usirudi kwenye msasa. Ongeza mafuta kidogo na uendelee kupika, kwani kila mkupuo huimarisha utando. Ukimaliza, kifute, kikaushe motoni, kipake mafuta kiasi cha kung'aa tu, ukihifadhi mbali na dirisha linaloelekea baharini. Kikitunzwa hivyo, chuma cha bibi kitampikia mjukuu wake.