Je, Wajua? Umeme ukikatika, gemu hukuhesabu mtoro

Je, wajua kwamba mpinzani unayepewa kwenye gemu za mtandaoni mara nyingi huchaguliwa kwa hesabu, kwa kulinganisha alama zenu? Gemu nyingi hufuata wazo la Arpad Elo, profesa wa fizikia wa Milwaukee, Marekani. Shirikisho la Sataranji Duniani (FIDE) lilikubali mfumo wake mwaka 1970. Ukimshinda aliyekuzidi, unapata alama nyingi; ukimshinda dhaifu, chache.

Ndiyo maana bingwa anayefungua akaunti mpya ili awaonee wanaoanza huvuruga mizani: mfumo humdhani mgeni.

Je, wajua kwamba umbali hadi seva, kompyuta inayoendesha gemu, nao una neno, kwa kuwa huchelewesha mchezo? Ndani ya nyaya za fiba, mwanga husafiri takriban kilomita 200,000 kwa sekunde. Lubumbashi hadi Johannesburg ni kilomita 1,600 hivi: kwenda na kurudi, milisekunde 16. Hadi Paris ni zaidi ya kilomita 7,000, yaani zaidi ya milisekunde 70. Nyaya hazinyooki, hivyo muda halisi huwa mrefu zaidi.

Je, wajua kwamba gemu ya Dota 2 humtenga anayeacha mchezo katikati, akacheze na watoro wenzake mpaka ashinde michezo aliyopangiwa? Lakini seva haioni umeme uliokatika katika mitaa ya Katuba au Kenya, Lubumbashi. Huona mchezaji ametoweka tu.

Basi mwenzako akipotea ghafla, usimtukane. Ripoti matusi na udanganyifu ulioushuhudia, na umeme ukiwa wa kuyumba, chagua michezo mifupi ili usiwaangushe wenzako.