Ramu Nyeusi na Maji Yake (Sehemu ya Pili)

Katika sehemu ya kwanza ya makala haya tulieleza kwa tafsili namna maji ya miwa yanavyopikwa hata yakatoa sukari, namna molasi inayobaki inavyotiwa hamira na kuachwa ichachuke, na namna uchachu huo unavyokenekwa kisha ukatiwa katika mapipa ya mwaloni ukae humo miaka. Leo tumefika kwenye meza ya nyumbani, ambako chupa ya ramu nyeusi imekwisha kununuliwa na mwenyewe anauliza aichanganye na nini. Nami jibu langu, kabla sijataja ndimu wala sukari, ni kwamba aichanganye na maji, kwa kuwa michanganyiko yote mashuhuri ya ramu, tangu ile ya mabaharia wa karne ya 18 hata ile ya migahawa ya California, imesimama juu ya maji yaliyotiwa kwa kiasi, na anayeyahesabu maji kuwa ni udanganyifu wa muuza pombe hatafanikiwa kuutengeneza hata mmoja.

Ushahidi wa neno hili umo katika amri aliyoitoa Amirali Edward Vernon huko Port Royal, Jamaika, tarehe 21 Agosti 1740. Manowari za Kiingereza zilizokaa katika visiwa vya Karibi zilikuwa zimeiacha bia, ambayo joto la kule huiharibu upesi, zikashika ramu, ambayo haiharibiki. Na kila baharia alipewa nusu painti kwa siku, akaweza kuimeza yote kwa mara moja, ikampindua. Vernon hakuwanyima mabaharia haki yao, bali aliamuru nusu painti ya kila mtu itiwe katika kwati moja ya maji, ndiyo kusema sehemu moja ya ramu kwa nne za maji, ichanganywe juu ya sitaha mbele ya afisa wa zamu ili pasiwe na mtu wa kupunjwa, kisha igawiwe mara mbili kwa siku badala ya mara moja. Aidha aliruhusu kwamba wale waliojinyima sehemu ya nyama ya chumvi na mkate wao wapate kununulia sukari na ndimu ili kinywaji kiwapendeze. Msomaji na atazame vizuri: ramu, maji, sukari na ndimu, vyote vinne vimo katika amri moja ya jeshi, zaidi ya miaka mia moja kabla Jerry Thomas hajapiga chapa kitabu chake cha ustadi huu kule Marekani mwaka 1862. Desturi ya kuwagawia mabaharia ramu ilidumu katika jeshi hilo hata tarehe 31 Julai 1970. Na maji ya malimau, ambayo tangu mwaka 1795 yaliingizwa katika posho ya kila siku, yaliwaondolea kiseyeye kilichokuwa kikiwaua kuliko mizinga ya adui.

Wala mchanganyiko wenyewe haukuzaliwa Karibi. Waingereza wa kampuni ya biashara ya India waliujua upande wetu huu wa bahari, na barua ya mwaka 1632 ya mmoja wao yautaja. Nao ulifanywa kwa mvinyo wa araki, sukari, ndimu, maji na viungo, vitu ambavyo hapana hata kimoja kilichokuwa kigeni kwa mtu wa bandari za Bahari ya Hindi. Walipokwenda nao magharibi wakaikuta ramu, wakaiweka mahali pa araki, na mengine yote yakabaki vile vile. Ndiyo maana mwenyeji wa pwani yetu anapokamua ndimu na kuparia kungumanga juu ya bilauri ya ramu, hafuati mtindo wa ugenini peke yake.

Na sharti nilitamke lililo zito, kwa sababu kuandika juu ya ramu pasipo kulitaja ni kumficha msomaji nusu ya habari. Kinywaji hiki kilianza kukenekwa kwa wingi Barbados katikati ya karne ya 17, katika mashamba yaliyolimwa na watumwa waliotolewa Afrika ya Magharibi. Wao ndio waliokata miwa, wao ndio waliokesha mbele ya masufuria ya sukari na kwenye mitambo ya kukenekea. Pwani yetu pia haikusalimika: mwaka 1776 Mfaransa aitwaye Jean-Vincent Morice alifanya mkataba na Sultani wa Kilwa apatiwe watumwa 1,000 kila mwaka, na watu hao walipelekwa visiwa vya mashamba vya Wafaransa, ambavyo leo twaviita Morisi na Reunion. Mimi naona kwamba mtu akilijua hili huinywa ramu kwa adabu zaidi, wala haimpasi kuitupa.

Sasa tuje kwenye kazi yenyewe, na la kwanza ni kuchagua chupa. Weusi wa ramu si hoja ya umri wake, kwa maana pipa la mwaloni lililochomwa ndani huipa ramu rangi ya kahawia, lakini weusi ule mzito wa lami aghalabu hutokana na sukari iliyounguzwa ambayo mtengenezaji ameitia. Hapana ubaya, ila msomaji asidanganyike akalipia rangi. Asome kibandiko atafute nchi na miaka, na nguvu ya mvinyo kwa asilimia. Ramu ya Jamaika ina harufu kali kama ya ndizi mbivu mno, na hiyo ndiyo ninayoichagua kwa michanganyiko, kwani harufu hiyo huvuka ndimu na sukari ikasikika. Ile laini ya kunywewa bila kitu huzama humo, na thamani yake ikapotea bure.

Ndimu ikamuliwe wakati ule ule inapotakiwa. Maji yake yakikaa hata kesho yake hugeuka ladha, yakawa machungu pasipo ukali wake mzuri, na yale ya chupa ya dukani siyashauri kwa hali yoyote. Sukari isitiwe ikiwa kavu, maana haiyeyuki katika baridi. Ipikwe kwanza na maji, kikombe kwa kikombe, hata ikawa shira nyepesi. Na hapa tuna bahati ambayo watu wengi wa Ulaya hawana, kwa kuwa sukari guru, ambayo bado inayo molasi yake ndani, hutoa shira ya kahawia inayopatana na ramu nyeusi kuliko sukari nyeupe yoyote. Ichujwe kwa kitambaa, maana haikosi takataka.

Kisha barafu, nayo ndiyo maji ya Vernon katika sura nyingine. Wengi hudhani kwamba barafu hupoza kwa ubaridi wake tu, na hivyo huogopa isiyeyuke. Kumbe kazi kubwa ya upozaji hufanywa na kuko huko kuyeyuka, kwani kila chembe ya barafu inayogeuka maji hunyonya joto la kinywaji. Basi hapana upozaji usioleta maji, na kinywaji kilichotikiswa vema huwa robo yake hata theluthi yake ni maji yaliyotoka katika barafu. Mtu atie viungo katika kopo lenye kifuniko madhubuti, au katika chupa ya mdomo mpana, ajaze barafu, atikise kwa nguvu muda wa kuhesabu hata kumi na tano, achuje. Akitikisa kidogo kwa kuogopa maji atapata kinywaji chenye moto wa mvinyo na sukari iliyokaa ulimini. Na barafu isilazwe karibu na samaki wala vitunguu, maana hushika harufu mara moja.

Mchanganyiko wa kwanza ambao ningemfundisha mwanafunzi ni ule wa mwenye shamba wa Jamaika, ambao hesabu yake ya zamani ni sehemu moja ya kitu kikali cha ndimu, mbili za kitu kitamu, tatu za mvinyo na nne za kitu dhaifu, yaani maji na barafu. Mimi naiona sukari ya hesabu hii kuwa ni nyingi, na naipunguza ikaribiane na ndimu: mililita 60 za ramu, 20 za ndimu, 25 za shira, na 80 za maji pamoja na barafu iliyopondwa. Juu yake matone mawili ya dawa chungu ya Angostura, ambayo Johann Siegert, tabibu Mjerumani katika jeshi la Simón Bolívar, aliitengeneza mwaka 1824 kwa ajili ya maradhi ya tumbo, na kungumanga iliyoparwa papo hapo.

Ule wa Bermuda ni mwepesi zaidi: barafu katika bilauri ndefu, soda ya tangawizi iliyo kali, kipande cha ndimu, na ramu nyeusi ikamiminwa taratibu juu ili ielee. Tangawizi iwe ya kuchoma kweli. Ile tamu tupu haifai.

Lakini ulio bora katika jumla yao, kwa maoni yangu, ni Mai Tai, alioufanya Victor Bergeron mwaka 1944 katika mgahawa wake mjini Oakland, California. Alichukua wakia mbili za ramu ya Jamaika iliyokaa miaka 17, maji ya ndimu moja kubwa, nusu wakia ya likeri ya machungwa, nusu wakia ya sharbati ya lozi na robo wakia ya shira, akatikisa na barafu iliyopondwa, akapamba kwa kishada cha nanaa. Wakia moja ni kiasi cha mililita 30. Watu walioupokea Hawaii katika miaka ya 1950 wakauongezea maji ya mananasi, na tangu hapo duniani kote hunywewa kitu kitamu chenye jina lake ambacho ndani yake ramu haisikiki; huo ni uharibifu, na msomaji asiufuate. Sharbati ya lozi, inayowapa shida watu wa kwingineko, kwetu si jambo geni: lozi zirowekwe, zimenywe, zisagwe na maji, zikamuliwe katika kitambaa, kisha maziwa yale yatiwe sukari ya uzito ulio sawa nayo, yapashwe moto mdogo bila kuchemka, na mwisho yadondoshewe maji ya waridi.

Ama wale ambao dini yao imewaharimishia kileo, sina neno la kuwashawishi. Lakini waiondoe ramu katika hesabu zote nilizozitaja, watie chai nzito iliyopoa mahali pake, na mizani ya ndimu, shira na maji itabaki sahihi.

Sehemu ya tatu, itakayotoka juma lijalo, itahusu ramu ya moto kwa ajili ya jioni za nyanda za juu. Atakayeifuata na atafute karafuu, mdalasini wa gome na siagi isiyo na chumvi.