Utangulizi: Papai, Jino na Mshiko

Mpishi wa Pwani akitaka nyama ngumu ya mishkaki ilainike, huipaka papai bichi na kuiacha kwa muda. Utomvu wa papai una kimeng'enya kiitwacho papaini, ambacho hukata protini. Fani ninamokukaribisha, ile ya kuchunguza jinsi vizibo vinavyoshika kwenye meno ya watoto, imepata mojawapo ya dawa zake hapo hapo. Mwaka 2003, nchini Brazil, ilitoka jeli ya Papacárie, yenye papaini. Jeli hupakwa kwenye tobo la jino, husubiriwa kwa nusu dakika au zaidi kidogo, kisha daktari huondoa uozo uliolainika kwa kijiko kidogo cha mkono. Mashine ya kutoboa mara nyingi haihitajiki, wala sindano ya ganzi. Sehemu isiyooza ya jino husalimika kwa kuwa nyuzi zake za kolajeni bado zimezingirwa na madini. Kabla yake, mwaka 1998, Sweden ilikuwa imetoa jeli ya Carisolv, inayotumia klorini na asidi amino.

Ninaandika nikiwa Acocks Green, kusini-mashariki mwa Birmingham. Maji ya bomba ya jiji hili yametiwa floraidi tangu 1964, na bado wapo watoto wanaofikishwa kwa daktari magego yao yametoboka. Mzazi mwenzetu aliyetoka Mombasa au Bujumbura huuliza mambo mawili: mwanangu ataumia? Na hicho mnachozibia, kitakaa? Jeli imejibu swali la kwanza kwa sehemu kubwa. Fani hii ipo kwa ajili ya la pili.

Tangu Julai 2018, sheria hapa Uingereza imezuia kuziba kwa amalgamu ya zebaki kwa watoto walio chini ya miaka 15, isipokuwa daktari aone hakuna budi. Kwa hiyo meno ya utotoni huzibwa kwa vitu vyenye rangi ya jino, na hivi hutegemea mshiko. Fundi wa lipu anaelewa: ukuta ulio laini mno huchokolewa kwanza, na wenye vumbi hufagiliwa. Mwaka 1955 mtafiti Michael Buonocore alionyesha kuwa asidi hukwaruza enameli, gamba gumu la nje la jino, gundi ikapata pa kushika. Mwaka 1982 mtafiti Nobuo Nakabayashi alieleza jinsi rezini, yaani gundi ya plastiki, inavyopenya katikati ya nyuzi za kolajeni za dentini, tabaka lililo chini ya enameli, na kugandia humo.

Mashine ya kutoboa huacha utando wa vumbi la jino. Jeli huacha utando mdogo zaidi na uso wenye mikwaruzo, jambo linaloweza kuisaidia gundi. Lakini jeli isiposuuzwa vizuri huweka kizuizi, na oksijeni inayobaki baada ya jeli yenye klorini huweza kuzuia rezini isigande sawasawa. Tena, dentini iliyowahi kuguswa na uozo hushika kwa udhaifu kuliko dentini nzima, hata ikisafishwa vipi. Jino la utotoni nalo lina tabaka jembamba na madini machache, hivyo asidi huchimba humo upesi. Ndiyo maana vipimo vya maabara havisemi kauli moja: jibu hubadilika kwa aina ya jeli, gundi na mkono wa daktari.

Wasomaji wa Kiswahili si wageni hapa. Katikati ya miaka ya 1980, daktari wa meno Jo Frencken na wenzake wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walianza kukwangua meno kwa zana za mkono na kuyaziba mahali pasipo umeme. Njia hiyo imeenea duniani kote, na leo hutumia zaidi glasi ionoma, saruji inayojishikiza kwenye madini ya jino na kutoa floraidi kidogo kidogo. Kuchagua kati yake na rezini ni mjadala utakaokutana nao mara nyingi.

Unaposoma, kumbuka kipimo kimoja. Magego ya utotoni hung'oka yenyewe kati ya umri wa miaka 9 na 12. Kizibo cha mtoto wa miaka 5 hakitakiwi kudumu maisha yote. Kinatakiwa kishike miaka michache hiyo, mtoto atafune, alale, asome, mpaka jino litoke kwa wakati wake. Kila takwimu ya mshiko utakayoiona, ipime kwa miaka hiyo.