Chemchemi za Ma'in: Maji ya moto, ngome ya Herode na hatari iliyojificha korongoni

WASAFIRI wanaokwenda Jordan kuzuru maeneo ya kale huweza kuona mambo mawili makubwa kwa siku moja katika mkoa wa Madaba. La kwanza ni magofu ya ngome ya Mukawir yaliyo juu ya mlima. La pili ni chemchemi za maji moto za Ma'in, zinazobubujika kandokando ya mto chini ya korongo.

Kwa mstari ulionyooka, maeneo hayo hutenganishwa na kilomita chache tu. Barabara, hata hivyo, huzunguka sana kwa sababu ya ukali wa mabonde.

Wengi wanaofika huko hurejea wakiwa wameburudika. Si wengi wanaofahamu kwamba mvua inayozilisha chemchemi hizo ndiyo pia inayoleta mafuriko ya ghafla, na kwamba mafuriko hayo yamewahi kuua watu katika bonde hilo.

Ngome na wafalme wake

Mukawir, iliyojulikana zama za Warumi kwa jina la Machaerus, ilijengwa takriban mwaka 90 Kabla ya Kristo (KK) na mfalme wa Kiyahudi, Alexander Jannaeus. Warumi waliibomoa mwaka 57 KK, kisha Herode Mkuu akaijenga upya na kuweka kasri ndani yake.

Kwa mujibu wa mwanahistoria wa karne ya kwanza, Flavius Josephus, hapo ndipo Yohana Mbatizaji, ambaye Waislamu humtambua kama Nabii Yahya, alipouawa kwa amri ya Herode Antipa, mwana wa Herode Mkuu. Injili husimulia mauaji hayo, lakini hazitaji jina la ngome.

Josephus aliandika pia kwamba karibu na ngome hiyo kulikuwa na chemchemi, nyingine za moto na nyingine za baridi. Anaeleza kuwa Herode Mkuu, akiwa mgonjwa sana, alipelekwa kuoga katika maji ya moto ya Callirrhoe, ufukweni mwa Bahari ya Chumvi. Maji hayakumponya. Alifia Yeriko, katika mwaka ambao wanahistoria wengi huutaja kuwa 4 KK.

Majeshi ya Roma yaliizingira ngome hiyo tena mwaka 72 Baada ya Kristo, na waliokuwamo wakasalimu amri. Anayepanda mlima huo leo atakuta misingi ya kasri, mahodhi ya kuhifadhia maji, nguzo mbili zilizosimamishwa upya na mabaki ya ukuta waliojenga Warumi wakati wa kuizingira.

Maji hupataje moto?

Siri ya chemchemi za Ma'in imo katika umbo la ardhi. Mji wa Madaba uko karibu mita 800 juu ya usawa wa bahari. Chemchemi, zilizo umbali wa takriban kilomita 30 kwa barabara kutoka mji huo, ziko zaidi ya mita 250 chini ya usawa wa bahari. Bahari ya Chumvi, ambako mto wa Zarqa Ma'in huishia, iko chini zaidi, mita zaidi ya 430 chini ya usawa huo.

Mvua inaponyesha nyanda za juu, sehemu ya maji hupenya ardhini na kushuka polepole katikati ya miamba. Kwa wastani, joto la ardhi huongezeka kwa nyuzi 25 hadi 30 za Selsiasi kwa kila kilomita moja ya kina. Maji yakishapata joto hilo, hupanda juu kwa kupitia nyufa na kutokea kando ya mto yakiwa na madini na harufu ya salfa. Baadhi ya chemchemi za Ma'in hufikia nyuzi 60 hivi, joto linaloweza kuunguza ngozi. Maji hupoa kadiri yanavyoporomoka na kuchanganyika na ya mto.

Nyufa hizo ni sehemu ya mpasuko mkubwa wa ardhi unaopita Bahari ya Chumvi, ukaungana kupitia Bahari ya Shamu na Bonde la Ufa la Afrika Mashariki.

Mto unapobadilika

Si maji yote ya mvua yanayopenya ardhini. Milima ya eneo hilo ina miti michache na udongo haba, hivyo mvua kubwa hutiririka juu ya miamba na kukusanyika katika makorongo membamba. Kwa kuwa mteremko ni wa zaidi ya mita 1,000 katika umbali mfupi, maji hushuka kwa kasi ambayo mtu hawezi kuikimbia.

Hayo ndiyo yaliyotokea Oktoba 25, 2018, katika sehemu ya chini ya bonde la Zarqa Ma'in, karibu na Bahari ya Chumvi. Wanafunzi na walimu wa shule moja ya Amman waliokuwa matembezini, pamoja na watu wengine waliokuwa eneo hilo, walisombwa na mafuriko. Watu 21 walifariki dunia, wengi wao watoto. Siku chache baadaye waziri wa elimu na waziri wa utalii walijiuzulu.

Afrika Mashariki nayo imeyaona maafa ya namna hiyo. Mafuriko ya ghafla yaliua watu katika korongo la Hifadhi ya Hell's Gate, Kenya, mwaka 2012 na tena mwaka 2019.

Anayekwenda afanye nini?

Jambo la kwanza ni kutazama utabiri wa hali ya hewa wa nyanda za juu, si wa korongoni pekee. Anga linaweza kuwa jeupe juu ya waogaji ilhali mvua kubwa inanyesha Madaba. Msimu wa mvua nchini Jordan huanza takriban Oktoba na kuishia Aprili au Mei.

Pili, maji ya mto yakibadilika rangi na kuwa ya tope, au ukisikika mngurumo kutoka juu, watu waondoke mara moja na kupanda mahali pa juu. Wasingoje kukusanya nguo wala viatu.

Tatu, mgeni aoge katika madimbwi yaliyotengwa, apime joto kwa mkono kabla ya kuingia, wala asikae majini muda mrefu. Wajawazito na wenye maradhi ya moyo yafaa wapate kwanza ushauri wa daktari.

Aidha, wanaopeleka makundi ya wanafunzi wanapaswa kuwa tayari kuahirisha safari hata kama nauli na kiingilio vimekwisha kulipwa.