Boma la Mikindani na mikoko ya Ruvuma: Urithi mmoja, tishio moja

WAGENI wengi wanaofika Mtwara kutoka miji mingine huishia katika ufukwe wa Shangani, kisha hurejea walikotoka. Wachache hutambua kwamba kwa mwendo wa siku mbili tu, wakianzia Likombe au kata nyingine yoyote ya Manispaa ya Mtwara Mikindani, wanaweza kuona mambo mawili yanayoieleza historia ya pwani ya kusini: boma la kale lililo juu ya kilima cha Mikindani, na msitu wa mikoko uliopo pale Mto Ruvuma unapoingia baharini.

Mambo hayo mawili huelezwa kana kwamba hayahusiani. Ukweli ni kwamba msitu ulichangia kuujenga mji, na leo usalama wa kimoja unategemea usalama wa kingine.

Mikindani ipo umbali wa takriban kilomita 10 kutoka katikati ya mji wa Mtwara, katika barabara iendayo Lindi. Ghuba yake imezungukwa na nchi kavu karibu pande zote, hivyo vyombo hupata kimbilio kutokana na mawimbi. Utafiti wa akiolojia umeonyesha kuwa watu walikaa kandokando ya ghuba hiyo tangu milenia ya kwanza baada ya Kristo.

Wajerumani waliutwaa tena mji huo Mei 1890, baada ya upinzani wa watu wa pwani ulioanza mwaka 1888. Mwaka 1895 walijenga boma mlimani, mahali ambapo mlinzi aliweza kuona kila chombo kinachoingia bandarini. Neno “boma” ni la Kiswahili tangu hapo awali, likiwa na maana ya uzio au ngome. Wakoloni walilichukua kwa ajili ya makao yao ya utawala, na ndiyo sababu hadi leo wananchi wengi huziita ofisi za wilaya “bomani”.

Waingereza nao walilitumia jengo hilo. Hata hivyo, mpango wao wa kilimo cha karanga, ulioanza mwaka 1947 na kuvunjika mwaka 1951, ulihitaji bandari yenye kina kirefu. Bandari hiyo ikajengwa Mtwara, na Mikindani ikabaki nyuma. Boma lilichakaa hadi mwishoni mwa miaka ya 1990, ambapo shirika la hisani la Uingereza, Trade Aid, lilianza kulikarabati na kuligeuza kuwa hoteli.

Lakini kwa nini mji ulikua Mikindani na si kwenye maingilio ya mto mkubwa kama Ruvuma, wenye urefu wa takriban kilomita 800? Jibu moja linapatikana katika safari ya mwisho ya David Livingstone. Machi 1866 alifika kwanza kwenye maingilio ya Ruvuma akiwa na ngamia, nyati, nyumbu na punda wa kubebea mizigo. Mikoko, matope na vijito vilimzuia kuwashusha wanyama hao, naye akageukia kaskazini na kushuka Mikindani. Msitu ulioufunga mlango wa mto ulikuwa umeipa ghuba jirani kazi ya kuwa lango la bara.

Mkoko ulifanya zaidi ya hapo. Nyumba za kale za Mikindani, kama zile za Kilwa na Lamu, zilijengwa kwa mawe ya matumbawe yaliyounganishwa kwa chokaa, na dari zake zikabebwa na boriti za mikoko. Kwa kuwa boriti moja haikuweza kubeba dari pana mno, vyumba vingi vya pwani vina upana wa kati ya mita 2.5 na 3. Kwa maneno mengine, mti wa majini ndio uliopima chumba cha nchi kavu.

Hapo ndipo lilipo tatizo la sasa. Nyumba ya matumbawe haikarabatiwi vizuri kwa saruji, kwa sababu saruji huzuia unyevu kutoka na chumvi hubaki ndani ikila ukuta. Inahitaji chokaa. Chokaa hiyo kwa miaka mingi imetokana na matumbawe yaliyong’olewa baharini na kuchomwa kwa magogo mengi. Kwa hiyo anayetaka kuokoa ukuta kwa njia ya zamani huharibu mazalia ya samaki, na anayetaka kuokoa dari hukata miti inayozuia mmomonyoko wa ufukwe.

Sheria inagusa pande zote mbili. Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma ilitangazwa mwaka 2000, ikiwa ya pili nchini baada ya ile ya Mafia, na ina ukubwa wa kilomita za mraba 650. Mikoko haikatwi bila kibali. Kwa upande wa majengo, Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalinda majengo ya kabla ya mwaka 1863, pamoja na milango ya nakshi iliyochongwa kabla ya mwaka 1940. Jengo la baadaye, kama boma lenyewe, huhitaji tangazo maalumu ili lipate ulinzi huo.

Njia ya kati ipo. Chokaa inaweza kutoka kwenye matumbawe ya kale yaliyokwisha kuwa mwamba wa nchi kavu, na boriti zilizooza zinaweza kubadilishwa kwa mbao za miti ya kupandwa. Njia hiyo ina gharama, na wenye nyumba wengi hawawezi kuibeba peke yao.

Anayetaka kutembelea maeneo haya achague miezi ya kiangazi, kuanzia Juni hadi Oktoba. Siku ya kwanza inatosha kwa boma na mitaa ya Mikindani. Siku ya pili aelekee Msimbati, alipe kiingilio cha hifadhi na kuwauliza wenyeji saa ya maji kujaa, kwani maji yakipwa mtumbwi hukwama kwenye matope. Mtoni kuna viboko na mamba, hivyo si mahali pa kuogelea. Aidha, ng’ambo ni Msumbiji, ambako jimbo la Cabo Delgado limekumbwa na mashambulizi tangu mwaka 2017. Kijiji cha Kitaya, upande wa Tanzania, kilishambuliwa Oktoba 2020. Ni busara kubeba kitambulisho na kuuliza kwanza kwa viongozi wa eneo husika.

Mgeni akilala Mikindani, akilipa kiongozi wa eneo na mwenye mtumbwi, fedha hizo huwafikia watu wale wale ambao vinginevyo wangetegemea kuuza boriti na chokaa. Boma na mikoko vitasimama iwapo vitawalipa majirani zao zaidi vikiwa hai kuliko vikivunjwa.