Mzunguko wa Vijiji vya Sierra de Francia: Baiskeli, Moyo na Maji ya Kunywa

Mwezi huu ukurasa wetu wa afya unakupeleka Hispania. Wengi wanaifahamu nchi hiyo kwa ajili ya hija ya Santiago. Sisi tunataka kukusimulia juu ya njia nyingine, fupi, ambayo mtu huizunguka kwa baiskeli na jioni hurudi palepale alipoanzia asubuhi. Tuliizunguka tukiwa wanne, wote tumepita miaka 50, na mmoja wetu alitutia hofu kubwa njiani. Ametupa ruhusa tuisimulie habari yake, maana ina mafundisho.

VIJIJI VYENYEWE

Sierra de Francia ni safu ya milima magharibi mwa Hispania, katika mkoa wa Salamanca. Kilele chake maarufu, Peña de Francia, kina urefu wa zaidi ya mita 1,700, na juu yake kuna patakatifu pa Bikira Maria. Inasimuliwa kwamba sanamu yake iligunduliwa huko mwaka 1434 na Mfaransa aitwaye Simón Vela. Chini ya kilele hicho vimetawanyika vijiji vya kale: La Alberca, Mogarraz, Miranda del Castañar, Sequeros na San Martín del Castañar. Nyumba zake zimejengwa kwa mawe chini, na juu kwa boriti za mbao na udongo. Vichochoro ni vyembamba kiasi kwamba mapaa ya pande mbili hukaribia kugusana.

Tulianzia La Alberca, kijiji kilichotangazwa kuwa urithi wa kihistoria wa taifa mwaka 1940. Tulikuwa huko mwishoni mwa Juni, na uwanjani tulimkuta nguruwe akitembea huru. Huyo ni nguruwe wa Mtakatifu Antoni. Hubarikiwa tarehe 13 Juni, hulishwa na kijiji kizima, na mwezi Januari, kwenye sikukuu ya Mtakatifu Antoni Abati, hupigiwa bahati nasibu.

MTEREMKO WA ASUBUHI

La Alberca iko juu ya mita 1,000 kutoka usawa wa bahari, na Miranda del Castañar iko kwenye mita 650 hivi. Maana yake ni kwamba asubuhi yote tulikuwa tukishuka, tukipita misitu ya michestnati, mizabibu na micheri iliyokuwa imeiva. Upepo ulikuwa mzuri. Hakuna aliyeona kiu, wala aliyekumbuka chupa yake ya maji.

Mogarraz tulisimama muda mrefu. Kwenye kuta za nyumba zimetundikwa sura za watu, kubwa, zimechorwa juu ya mabati. Mwaka 1967 mpiga picha Alejandro Martín Criado aliwapiga wanakijiji picha za vitambulisho, watu 388. Miaka mingi baadaye mchoraji Florencio Maíllo, mzaliwa wa hapo, alizichora picha hizo, na tangu mwaka 2012 sura zile zikatundikwa kwenye nyumba walimokuwa wakiishi wenyewe. Wengi wao walikwisha kufariki, au walihama kwenda mijini kutafuta kazi. Leo wanaobaki kijijini ni wachache kuliko sura zilizoko ukutani. Mzee mmoja aliyekaa mlangoni alituonyesha mama yake kwa kidole, kisha akanyamaza.

Kutoka hapo tuliendelea hadi Miranda, kijiji chenye ngome na ukuta wa kale, tukala mkate na jibini. Ilikuwa saa saba mchana. Ndipo mlima ulipoanza.

KILICHOTOKEA MLIMANI

Njia ya mzunguko ni kama mkopo. Kila mita uliyoshuka asubuhi utailipa kabla ya jua kuzama. Kupanda kwenda Sequeros kulikuwa kugumu, jua la utosi, na barabara haina kivuli. Mwenzetu alikuwa mbele yetu, akikazana. Ghafla tukamwona akiyumba, akashuka kwenye baiskeli, akashika ukingo wa barabara kwa mikono miwili. Alikuwa amepauka midomo. Alisema macho yanaona giza.

Tulimlaza chini ya mti, tukamwinulia miguu, tukamfungua vifungo vya shati na kumwekea kitambaa chenye maji shingoni. Kwa kuwa alikuwa na fahamu zake na aliweza kumeza, tulimpa maji kwa funda ndogo ndogo. Mmoja wetu alipiga simu 112, namba ya dharura ambayo hailipiwi. Walitutumia gari la wagonjwa. Muuguzi alipompima, shinikizo la damu lilikuwa chini sana, akawekewa dripu kituoni.

Daktari alimwuliza anatumia dawa gani. Hapo ndipo sisi, tuliokuwa tumesafiri naye wiki nzima, tuliposikia kwa mara ya kwanza kwamba ana ugonjwa wa presha na anameza vidonge vya aina ile inayomfanya mtu akojoe sana. Alitueleza baadaye kwamba alinyamaza kwa sababu aliogopa tungemwacha. Wahenga walisema, mficha maradhi kilio humfichua.

KWA NINI ILITOKEA

Mwili wa mtu anayefanya kazi kwenye joto hupoteza maji na chumvi kwa jasho. Dawa za kukojosha nazo hutoa maji na chumvi. Vitu hivyo viwili vikikutana, na mtu asinywe, damu hupungua ujazo, shinikizo hushuka, na ubongo hukosa damu ya kutosha. Katika mteremko upepo hukausha jasho haraka, kwa hiyo mtu hadhani kwamba anatoka jasho. Mwenzetu alianza kupanda mlima akiwa tayari na upungufu wa maji.

Daktari alisisitiza jambo moja: asiviache vidonge kwa shauri lake mwenyewe. Kuacha dawa ya presha ghafla kunaweza kuleta madhara makubwa. Dawa inaweza kupangwa upya, lakini kabla ya safari, na mtaalamu.

Wala asiache baiskeli. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima afanye mazoezi ya kadiri kwa dakika 150 hadi 300 kila wiki. Baiskeli huimarisha moyo, husaidia kupunguza shinikizo la damu na sukari, na haiumizi magoti kama kukimbia, kwa sababu uzito wa mwili hubebwa na kiti.

MAMBO YA KUZINGATIA

1. Mwenye presha, kisukari, ugonjwa wa moyo, au aliyekaa muda mrefu bila mazoezi, amwone daktari kwanza. Amwambie wazi anakokwenda na urefu wa milima.

2. Wenzako wajue ugonjwa wako na mahali unapoweka dawa. Anayejidunga insulini abebe peremende au sukari mfukoni, kwani mazoezi hushusha sukari mwilini.

3. Kunywa maji kidogo kidogo kila baada ya robo saa hivi, hata kama huna kiu. Mkojo wa rangi nzito ni dalili kwamba maji hayatoshi. Aliyezuiwa na daktari kunywa maji mengi afuate agizo lake.

4. Panda mlima kwa gia nyepesi na kwa mwendo unaokuwezesha kuzungumza. Ukishindwa kumaliza sentensi, punguza mwendo.

5. Pima kiti: weka kisigino kwenye pedali iliyo chini, mguu unyooke. Ukikanyaga kwa sehemu ya mbele ya unyayo, goti litapinda kidogo, na hivyo ndivyo inavyotakiwa.

6. Kwenye mteremko tumia breki zote mbili, kwa kubana na kuachia. Vaa kofia ngumu. Sheria ya Hispania inaidai kwenye barabara za nje ya miji.

7. Maumivu ya kifua, kukosa pumzi au kizunguzungu: simama papo hapo na utafute msaada.

JIONI

Sisi watatu tulimaliza mzunguko kwa kusukuma baiskeli sehemu nyingi, tukipitia Sequeros, yanapohifadhiwa mabaki ya Simón Vela, na San Martín. Mwenzetu alirudishwa La Alberca kwa gari, tukamkuta amekaa uwanjani na chupa ya maji mkononi. Giza lilipoanza kuingia, kengele ndogo ililia kichochoroni. Ni desturi ya kijiji hicho: kila jioni mwanamke hupita na kengele akiwaombea marehemu walioko toharani. Tulisimama, tukavua kofia. Mwenzetu alisema taratibu kwamba leo angeweza kuwa miongoni mwa wanaoombewa.

Mpendwa msomaji, kama una ugonjwa unaouficha, mwambie mtu mmoja leo.