Macbeth katika Vita vya Kongo: Mchezo Huu Unatufundisha Nini?

Mwaka 2014, msanii wa Afrika Kusini, Brett Bailey, alionyesha mchezo kuhusu vita vya Kongo yetu katika miji ya Cape Town, Brussels na London. Hakutunga hadithi mpya. Alichukua Macbeth, mchezo ulioandikwa na Mwingereza Shakespeare zaidi ya miaka 400 iliyopita, ambao Mwitaliano Verdi aliugeuza kuwa mchezo wa kuimba mwaka 1847. Tunaueleza hapa kwa sababu unahusu watu waliokimbia vita, kama wengi wenu.

Hadithi ya zamani

Macbeth ni mkuu wa jeshi. Akitoka vitani, wachawi watatu wanamwambia kwamba atakuwa mfalme. Mke wake anamchochea. Mfalme anapolala nyumbani kwao kama mgeni, Macbeth anamuua. Kisha anaogopa kunyang'anywa kiti, anamuua hata rafiki yake. Mwishowe naye anauawa.

Bailey alibadilisha nini?

Katika mchezo wake, wakimbizi wa mashariki ya Kongo wanafika Goma. Wanakuta sanduku la zamani lenye mavazi na muziki wa Macbeth, wanayavaa, wanasimulia mateso yao wenyewe. Macbeth anakuwa kiongozi wa kundi la silaha. Wachawi wanakuwa watu wa kampuni ya kigeni inayotaka madini. Ndipo tunaelewa: anayeshika bunduki anaonekana, lakini anayemnong'oneza amejificha, na faida ni yake.

Na sisi huku Baraka?

Katika kumbi kama zile, mtazamaji hukaa kimya hadi mwisho. Mchezo shirikishi, unaotumiwa na watu wa amani hapa Kivu ya Kusini, ni tofauti. Unatokana na njia ya Mbrazili Augusto Boal: mtazamaji anaweza kusimamisha mchezo, akaingia mwenyewe na kujaribu njia nyingine.

Tuchukue mfano. Mwezi wa Oktoba 2005, meli zilianza kuwarudisha wakimbizi kutoka Kigoma hadi Baraka. Tuseme familia moja imerudi na kukuta jirani analima shamba lake. Mtu anamnong'oneza baba: "Wazee watakuchelewesha. Waite vijana wenye bunduki." Hapo mchezo unasimama. Nani ataingia? Mama wa nyumba? Mzee wa kijiji? Jirani mwenyewe?

Macbeth hakupata mtu wa kumshika mkono kabla hajaua. Sisi tunaweza kuwa mtu huyo, lakini ni lazima tufike mapema, wakati maneno bado ni ya kunong'ona.

Maswali ya kuzungumza nyumbani na katika mikutano

- Huku kwetu, nani ananong'oneza vijana, na anapata faida gani?
- Ungekuwa jirani wa Macbeth, ungesimama wapi, na ungemwambia nini?
- Viongozi, mtu aliyenyang'anywa shamba anasikilizwa wapi kabla hajatafuta bunduki?